Fomu Namba 212

Shilingi mia mbili kwa fomu moja.
Mwalimu Kihwele amenipa mia tatu na arobaini,
zimefungwa kwa kamba ya katani, zanuka mafuta ya taa
kwa kulala stoo wiki nzima.
Ke ni moja. Me ni mbili.
Ndiyo ni moja pia. Hapana ni sifuri.

Nje, Kihesa imejifunika ukungu
kama mtu aliyevuta shuka hadi kichwani,
umsalimie kamwene, asiitike.
Nimevaa masweta mawili. Vidole vinagoma kwenye kibodi.

Swali la tisa: mwenzi wako anaijua namba ya siri ya simu yako?
Moja, moja, moja, moja.
Swali la kumi na moja: uliwahi kumwona baba akimpiga mama?
Hapa wengi wamekandamiza kalamu hadi karatasi imetoboka.
Swali la kumi na nne: kilevi.
Mmoja ameandika pembeni, pasipo nafasi,
"Ulanzi si kilevi, ni maji ya mianzi."
Nikacheka peke yangu.
Kisha nikasoma jibu lake la kumi na tano.

Namba 87 ni me, mwaka wa pili, ualimu wa hisabati.
Alimwagiwa uji wa moto mgongoni
kwa sababu ya namba ngeni iliyopiga usiku.
Ulimwambia mtu yeyote? Hapana.
Kwa nini? "Wangenicheka."
Nikaingiza mbili, moja, sifuri.
Kicheko chao hakina safu kwenye jedwali.

Namba 140 ni ke. Hajapigwa, amesukumwa tu.
Namba 141, ke. Hajapigwa, ameshikwa tu koo,
mara moja tu, bumu lilipochelewa.
Namba 163 hajapigwa, yeye ndiye aliyekosea.
Naijua hiyo "tu".
Inapita palipo pembamba
kama baridi ya Juni chini ya mlango.

Namba 212.
Me. Mwaka wa tatu.
Umewahi kumpiga mwenzi wako? Hapana.
Kumtisha? Hapana.
Kumzuia asitoke? Hapana, na mstari chini yake.
Kwenye maoni ameandika:
"Mungu awabariki watafiti. Wanawake ni mama zetu, tusiwapige."

Fomu haina jina. Tuliwaahidi hivyo.
Lakini hiyo "g" yenye mkia uliopinda kama ndoana
nimekwisha kuisoma, "Mungu" hivyohivyo,
kwenye barua iliyokuja na parachichi nne za kwao Rungwe
wiki ile niliyoingia darasani na miwani ya jua
wakati Iringa nzima haijaona jua siku tano.
Parachichi zilikuwa nzuri.
Nilizila zote.

Siku ya mafunzo Mwalimu alituonya:
usisahihishe, usikisie, ingiza kilichoandikwa.
Sifuri.
Sifuri.
Sifuri.
Mshale unapepesa, unasubiri safu inayofuata.

Wenyeji husema jiwe la Gangilonga lilikuwa likinena.
Ukuta wa chumba cha jirani, tofali za kuchoma, haukunena.
Uliongeza sauti ya redio.
Asubuhi ukaniuliza kama nina chumvi.

Chini kabisa ya bunda kuna fomu moja tupu,
ilichapwa ziada, wino umefifia upande wa kulia.
Naichomoa. Naweka vema kwenye ke.
Umri, ishirini na mbili.
La tisa, ndiyo. La kumi na moja, ndiyo,
na kalamu inatoboa.
Kwenye la kumi na tano nimeandika "tu",
nimekata, nimeandika tena,
nimekata.

Atuganile anageuka kitandani, blanketi hadi puani.
"Bado hujalala? Umebakiza ngapi?"
"Mia na ishirini na nane," nasema.
Kisha nahesabu upya.
"Tisa," namwambia. "Mia na ishirini na tisa."